Rangi ya Jioni, Mtaa wa Pande Mbili

Ninyi mnaoshika brashi leo mkiniona nimekaa tu hapa na miwani yangu, mnadhani kazi ya rangi niliiacha kwa sababu ya magoti. Magoti yana lao, sikatai. Lakini kilichonichosha zaidi ni wasiwasi. Mimi nimezaliwa mwoga. Nikipaka ukuta naangalia mawingu. Mawingu yakipita naangalia vumbi. Vumbi likitulia naanza kufikiri mwenye nyumba amebadili mawazo. Mke wangu, Mama Neema, alikuwa akinicheka: "Baba Neema, wewe hata ukifika peponi utauliza kama bati halivuji." Nami nilimjibu kama walivyojibu wazee, kwamba wasiwasi ndiyo akili.

Nawaambieni ukweli, fundi rangi asiye na wasiwasi ni wa kumkimbia. Rangi inamdanganya kila mtu siku ya kupakwa. Siku hiyo kila ukuta ni mzuri, hata uliopakwa na mlevi. Rangi inasema ukweli wake baadaye, wakati umeshaondoka na ngazi yako.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Majura, Mjita mmoja mfupi, mkali, ambaye hakuwahi kunisifu hata mara moja. Nilianza kwake wakati ambao rangi ya kopo ilikuwa kitu cha kusikia tu. Tulipaka chokaa. Brashi tulitengeneza wenyewe kwa katani, tunaiponda kwa jiwe mpaka inalainika. Ukitaka rangi ya anga unatia buluu ya kufulia, ukitaka nyekundu unatafuta udongo. Siri ilikuwa chumvi. Chokaa bila chumvi inamganda kila anayeegemea ukuta, na mteja akitoka dukani na mgongo mweupe harudi tena. Mzee Majura alipima kazi yangu kwa mkono wa koti lake jeusi. Anaufuta ukutani, anautazama, halafu anasema neno moja tu: "Rudia." Lile koti nililiota ndotoni.

Jambo la pili alilonifundisha ni la hapa kwetu ziwani, na bara huko hawalijui. Kuna wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka majini kama moshi. Mnawajua, mmeshawameza wote mkiwa kwenye baiskeli. Wadudu wale wanapenda taa, na wanapenda jioni. Sasa chukua rangi ya mafuta, ambayo inabaki mbichi saa nyingi, uipake jioni huku umewasha taa. Mimi nilifanya hivyo ng'ambo ya ziwa, Kamanga, tulipovuka kwenda kupaka mlango wa nyumba ya wageni. Mzee Majura alikuwa amelala na homa, nami nikataka aamke akute kazi imekwisha. Nikaupaka mlango kijani jua likizama. Wakaja. Nikashtuka nikaanza kuwafuta kwa kitambaa, na kadiri nilivyofuta ndivyo mlango ulivyogeuka uji wa ulezi. Asubuhi mwenye nyumba akauliza kama tumemwambia ataletewa mlango wa ngozi ya mbuzi.

Mzee Majura hakunipiga. Alisema, "Mdudu akinasa kwenye rangi, mwache afe. Rangi ikauke. Ikikauka, chukua brashi kavu, mpanguse, piga msasa, paka tena. Ukimfuta rangi ikiwa mbichi umempa mdudu ukuta mzima." Liwekeni hilo kichwani. Tangu siku hiyo nikawa naichukia rangi ya jioni kama homa.

Sasa nije kwenye mtaa wenyewe.

Biashara zilipofunguliwa, nyinyi wengine mkiwa hamjazaliwa, mji huu ulibadilika kama mtu aliyevua koti zito. Sabuni iliyokuwa ikiuzwa kwa kunong'onezana ikapangwa dirishani. Vitenge vikaja, redio zikaja, na rangi za makopo zikaja kwa wingi, nyingine zikipitia mpaka wa Kenya. Kila aliyekuwa na mbao na bati aliweka banda. Kule Mabatini mtaa wetu ulijaa pande zote mbili. Upande mmoja umeegemea mawe ya kilima, tukauita upande wa Mawe. Mwingine tukauita upande wa Ziwa, ingawa ziwa lenyewe lilikuwa mbali na huwezi kuliona mpaka upande juu ya bati.

Upande wa Ziwa mkubwa wao alikuwa Bwana Harish, mwuza vitambaa. Babu yake ndiye aliyekuja kutoka India. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa hapa, na akikasirika aligombana kwa Kisukuma safi. Mke wangu alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka lake. Mteja ananunua kitambaa ndani, anashonewa nje. Bwana Harish hakuwa mtu mbaya. Lakini baraza la mtu ni baraza la mtu. Akiamka vibaya, unahamisha cherehani yako. Akiletewa mzigo, unahamisha cherehani yako. Mama Neema alinung'unika miaka na miaka, na ndoto yake ilikuwa moja: mlango wake mwenyewe, ambao akiufunga umefungwa na yeye.

Ruhusa ya mabanda ilipotolewa, alichelewa. Nafasi zilikuwa zimeisha. Wakubwa wa mtaa wakakaa, wa pande zote, wakamwonyesha sehemu moja iliyobaki mwisho wa upande wa Mawe, pale ambapo mtaro unaotoka kilimani unaingia kwenye karavati na kupita chini ya barabara. "Tandika mbao juu ya mtaro, mama, jenga hapo," wakamwambia. Akatandika, akajenga. Siku aliyofungua alinunua kufuli kubwa kuliko mlango. Mimi nilimpakia banda lile taratibu, mikono mitatu ya rangi, kila mmoja umekauka kabla ya mwingine. Sijawahi kupaka kitu vizuri hivyo kwa mteja anayelipa.

Halafu ikaja amri. Bwana afya wa manispaa aliita mkutano, akasema mtaa wetu ni aibu. Alitaka usafi, mpangilio na sura moja ya kueleweka. Angekuja Ijumaa fulani kukagua. Akiridhika, tungebaki. Asiporidhika, mabanda yote yangehamishiwa kwenye uwanja mmoja nje kabisa, ambako hata mbwa hapiti bila sababu. Nilimtazama mke wangu. Alikuwa ameshika ufunguo wake shingoni, pale alipoufunga kwa kamba. Tulipofika nyumbani akasema, "Mimi barazani sirudi, na uwanjani siendi." Usiku ule sikupata hata lepe la usingizi.

Kazi ya rangi nilipewa mimi, mtaa mzima. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilianza kuhesabu siku papo hapo.

Tatizo halikuwa rangi. Tatizo lilikuwa sisi wenyewe. Mnajua ngoma za Kisukuma zinavyochezwa, Bagika na Bagalu, makundi mawili kwenye uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, na watu wanakimbilia kule kunakonoga. Anayevuta watu wengi ndiye mshindi, hata kama ni kwa kucheza na nyoka. Basi upande wa Mawe ulikuwa na mkubwa wao, Masalu, mwuza nafaka, ambaye kijijini kwao alikuwa manju, mwimbishaji wa ngoma. Mkutano ulipoisha tu, Masalu alitazama ng'ambo ya barabara akasema, "Sisi Bagika, wale Bagalu. Tuone nani ataangaliwa." Na mtaa mzima, Wahaya kwa Wajaluo, hata Bwana Harish na mboga zake bila nyama, wakaambukizwa.

Kila upande ukachagua rangi yake kwa siri. Mawe walitaka buluu. Ziwa walitaka manjano ya embe bivu. Aliyejua yote mawili ni mimi peke yangu, nikateseka kama mke wa waume wawili. Bwana Harish aliniita kunywa chai, akawa anatazama kucha zangu badala ya kikombe. Masalu kila akinisalimia aliugeuza mkono wangu kama mganga anayesoma kiganja. Nilinawa kwa mafuta ya taa mpaka ngozi ikapasuka.

Ile kazi ya kutafuta rangi haikunitisha. Kilichonitisha ni kwamba hakuna upande uliokubali kuanza. Niliwaambia wote wiki nzima: rangi ya mafuta hapa kwetu inataka siku mbili, hewa ina maji, usiku kuna umande. Nikaenda kwa Masalu, nikamkuta amekaa juu ya gunia.

"Masalu, kaka, tupake Jumatatu."

"Fundi, wewe umewahi kucheza ngoma?"

"Sijawahi."

"Ndiyo maana. Ukimtoa nyoka wako mapema, mwenzako atatoa chatu. Waanze wao."

Nikavuka barabara. Bwana Harish akanipokea vizuri mno, akanikalisha, akasema, "Fundi, sisi tuko tayari hata sasa. Ila si adabu kuwatangulia majirani. Waanze wao."

Jumanne ikapita. Jumatano ikapita. Ukuta mweupe pande zote, nimeupaka mkono wa kwanza, unanitazama. Kitu pekee walichokubali kufanya ni kufagia, na walifagia kwa mashindano. Alfajiri unasikia mifagio pande zote mbili kama mvua, kila mmoja anasukuma taka mbali na mlango wake. Zilikokwenda sikuuliza. Macho ya fundi rangi yanatazama juu.

Mama Neema ndiye aliyegusia, Jumatano jioni, akiwa anachemsha maharage. "Chini ya banda langu kunanuka kuliko zamani."

"Ijumaa ipite kwanza," nikamwambia. Nilikuwa nawaza rangi tu.

Alhamisi walisubiriana mpaka alasiri. Mimi nilishavuka ile barabara mara nyingi hadi mwendesha mkokoteni mmoja akaniuliza kama nimepotelewa na mtoto. Mwishowe nikasimama katikati, nikapaza sauti, mimi ambaye hata kuku simfukuzi kwa kelele: "Nahesabu mpaka tatu, makopo yanafunguliwa pande zote pamoja! Asiyetaka ahamie uwanjani leo leo!" Nikafungua. Ikawa kama kengele ya shule. Kila mtu na brashi, aliyekosa brashi na tambara, akina mama wamejifunga kanga viunoni, Masalu anaimbisha huku, kule Bwana Harish anapiga kopo tupu kwa kijiti. Buluu hii, manjano ile. Nilikiri moyoni kwamba mtaa ulikuwa unapendeza. Halafu nikaona mtu anamimina mafuta ya taa kwenye kopo ili rangi itoshe, na moyo ukashuka. Rangi ya namna hiyo haikauki. Inabaki inanata kama asali.

Jua likazama kazi ikiwa nusu. Wakawasha karabai.

Niliwaona wakija kabla ya mtu mwingine yeyote. Ule moshi juu ya mapaa, kutoka upande wa majini, na hakuna nyumba inayoungua. Dakika chache baadaye kila ukuta ulikuwa umeota manyoya. Watu wakapiga kelele, wakashika matambara. Nilikimbia mtaa mzima nimenyoosha mikono: "Msifute! Jamani, msifute! Zimeni taa!" Kwa bahati walinisikia. Wakasimama na matambara yao hewani, pande zote mbili, na kwa mara ya kwanza wiki ile hakuna aliyetazama ng'ambo. Mama Neema alikuwa ameegemea mlango wake. Banda lake lilikuwa kavu, halina mdudu hata mmoja, na alilia kuliko wote. Alijua banda moja halitafaa kitu kama mtaa wote utaondolewa.

Asubuhi ya Ijumaa palipokauka nilipangusa kwa brashi kavu. Palipokuwa pabichi niliacha. Umande ulikuwa umelala juu ya rangi. Watu walivaa nguo za kanisani na za msikitini. Bwana Harish alivaa tai. Bwana afya akaja na wenzake wawili, na mimi nikajiweka mahali ambapo ningeziba wadudu wengi kwa mgongo wangu.

Hakutazama ukuta.

Aliinama tangu mwanzo wa mtaa, anafuata ukingo wa barabara, mikono nyuma, mpaka akafika kwenye karavati. Akachuchumaa. Nasi tukasogea, na ndipo tulipoona zilikokwenda zile taka za mifagio ya alfajiri. Bagika walisukumia pale. Bagalu walisukumia pale. Karavati lilikuwa katikati, na cha katikati hakikuwa na kundi. Mdomo wake ulikuwa umejaa mpaka juu, maganda, matambara, pumba iliyooza, na maji meusi yamesimama chini ya zile mbao za mke wangu.

"Mvua ikinyesha hapa," bwana afya akasema taratibu, "maji yote ya kilimani yanaingia majumbani mwa watu. Na kipindupindu mnakijua." Akagonga ukuta wa banda la Mama Neema kwa kidole. "Hili liondoke. Mtaro huu haufunguki likiwa hapa. Nakwenda Mkuyuni. Nikirudi saa kumi nataka kuona maji yanapita, na pasijengwe tena juu yake. La sivyo, mnahama wote."

Akaondoka. Nilichukua nyundo nikaiweka chini, nikaichukua tena. Yeye akafungua ufunguo kutoka shingoni, akafungua lile kufuli, akatoa cherehani, akatoa viti, akatoa kitambaa cha mtu kilichokuwa hakijaisha. Halafu akanipokonya nyundo na kung'oa mbao ya kwanza mwenyewe. Nilisikia msumari ukilia. Vijana wangu, nimepaka nyumba nyingi, na nyingine zimebomolewa nikiziona. Hiyo tu ndiyo iliyonitoa machozi.

Pande zote ziliingia mtaroni na nguo zao za ukaguzi. Tai ya Bwana Harish sijui iliishia wapi. Saa kumi maji yalikuwa yanapita, meusi kwanza, baadaye ya udongo. Bwana afya akachungulia, akatupa kijiti upande huu, akavuka, akakiona kinatokea kule. Akatikisa kichwa kukubali. "Mtaa ubaki," akasema. Watu wakashangilia, Masalu akatoa sauti ya ngoma, wanawake wakapiga vigelegele.

Mama Neema alikuwa amesimama kando ya cherehani yake, barabarani. "Na mimi?" akauliza.

Vigelegele vikafa kimoja kimoja.

"Mama," bwana afya akasema, na naamini ilimwuma, "mimi nakagua mtaa. Nafasi mnapangana wenyewe." Akaenda zake.

Bwana Harish akasafisha koo. "Mama Neema, baraza lipo. Njoo hata leo."

"Ahsante, Bwana Harish. Nilikaa kwako ukanitunza, sikusahau. Lakini sirudi kukaa mlangoni kwa mtu." Kisha akageukia upande wa Mawe, safu nzima ya mabanda ya buluu. "Walioniambia nijenge juu ya mtaro ni ninyi. Mnajua na mimi najua. Sogeeni."

Mabanda yale hayakuchimbiwa chini. Yalikaa juu ya mawe. Yangeweza kubebwa. Kila moja likisogea kidogo kuelekea kwa Masalu, mwanzo wa safu, nafasi ingepatikana mwisho wa safu, kando ya mtaro, si juu yake. Lakini ili la kwanza lisogee, Masalu alipaswa kuondoa kibanda chake cha pumba, kilichokuwa ubavuni mwa duka. Kibanda kile alikipaka mwenyewe jana yake, na kilikuwa na mteja wake kila siku. Watu wote wakamtazama. Alitazama ardhi. Nilihesabu pumzi zangu, na nikawa na hakika atakataa, kwa kuwa mimi nikiwaza huwaza ubaya kwanza.

"Mayu," akasema hatimaye, akimwita mama kwa Kisukuma, "rangi ni mbichi."

"Naona," mke wangu akamjibu.

Masalu akapandisha mikono ya shati, akaweka viganja vyote viwili kwenye ile buluu inayonata, akainama, akaanza wimbo. Wa upande wake wakaja. Halafu wa upande wa Ziwa wakavuka barabara, wana manjano mbichi ya kuta zao mikononi, wakashika buluu. Banda kwa banda, wakiimba, wakisogeza. Mimi nilikuwa nimeshika kona ya banda la mwisho, nikiona kazi yangu yote inaharibika chini ya vidole vya watu, na nikawa siwezi kujizuia kulia na kucheka.

Jumatatu banda la Mama Neema lilikuwa limesimama tena, kwenye ardhi kavu, na kufuli lake. Lakini mtaa! Kila banda la buluu lilikuwa na viganja vya watu, vidole wazi, vingine vya manjano, na wadudu humo humo. Nikafikiri bwana afya akirudi itakuwaje. Nikafikiri mteja mwingine akipita aulize ni fundi gani aliyefanya upuuzi huu. Nikachukua msasa, ngazi na kopo, nikaanza na kibanda cha Masalu kilichokuwa kimewekwa nyuma ya duka.

Mama Neema akatoka, sindano mdomoni, akasimama kati ya ngazi na ukuta. Akaitoa ile sindano.

"Baba Neema, usiguse."

"Watasema sijui kazi."

"Waache waseme. Ukipaka hapo, hawa watu watasahau kwamba walishika."

Nikashuka, nikafunika kopo.